Nani Anakukumbusha Kupumua? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ubongo, Hewa Ukaa na Pumzi

Nafundisha fiziolojia kwa wanafunzi wa uuguzi, na hakuna somo linalozaa maswali kama somo la pumzi. Mengine huulizwa darasani, mengine hunifuata nyumbani: jirani anayelala na jiko la mkaa, kijana anayepiga mbizi, mama aliyetoka kumlaza mtoto hospitalini. Nimeyakusanya hapa. Karibu yote yana jibu moja la msingi, nalo hupokelewa kwa mshangao kila mara: kinachokufanya utamani kupumua kwa kawaida si oksijeni iliyopungua, ni hewa ukaa iliyozidi.

Nikibana pumzi najihisi nakufa. Si oksijeni imeniishia?

Hapana. Jaribu ukiwa umekaa kitini, usijaribu majini. Vuta pumzi ya kawaida, bana, tazama saa. Sekunde 15 za mwanzo hazina neno. Baadaye kidogo koo linaanza kujikaza, unameza mate ambayo hayapo, kisha kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, kinaanza kuruka chenyewe kama cha mtu mwenye kwikwi. Mwishowe unaachia, na si kwa kupenda.

Ukiwa umevaa kile kipimio cha kidoleni muda huo wote utaona kwamba oksijeni ya damu haijashuka kiasi cha kutisha. Kilichopanda ni hewa ukaa, au kabonidayoksaidi kama tulivyoisoma shuleni. Mwili uliotulia hutengeneza kama mililita 200 zake kila dakika, na mlango wake mkuu wa kutokea ni pumzi. Ukiufunga mlango, gesi inajaa kwenye damu, na ubongo unapiga kelele.

Lakini kemia haimalizi habari yote. Mwaka 1954 mtafiti Ward Fowler aliwaacha watu wabane pumzi mpaka washindwe, kisha akawapa wavute hewa isiyo bora kuliko ile iliyokuwa mapafuni mwao. Walipata nafuu papo hapo, wakaweza kubana tena. Maana yake ni kwamba hata kule kutanuka kwa kifua kunaupa ubongo habari za kuutuliza, walau kwa muda mfupi.

Nani aligundua kwamba ni hewa ukaa?

Jina kubwa ni John Scott Haldane, aliyefanya kazi Oxford, Uingereza. Mwaka 1905 yeye na J. G. Priestley walichapisha vipimo vya hewa ya ndani kabisa ya mapafu, ile ya mwisho kutoka mtu anapotoa pumzi yote. Walipima mgodini Dolcoath, Cornwall, ambako shinikizo la hewa ni kubwa, na kwenye kilele cha Ben Nevis, Uskoti, ambako ni dogo. Shinikizo la hewa ukaa mapafuni lilikuwa karibu lilelile kote. Mwili ulikuwa unailinda namba hiyo kwa wivu. Tena waligundua kwamba kuiongeza hewa ukaa ya mapafuni kwa asilimia 0.2 tu ya shinikizo la angahewa kunatosha kuongeza maradufu hewa inayoingia na kutoka. Mzani wa sonara ndio wenye wepesi wa namna hiyo.

Seli zinazopima ziko wapi?

Weka kidole kisogoni, pale shingo inapokutana na fuvu. Ndani ya hapo kuna shina la ubongo, na sehemu yake ya chini huitwa medula. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Robert Mitchell, Hans Loeschcke na wenzao waliweka vimiminika vyenye asidi juu ya uso wa mbele wa medula ya paka, na paka wakaanza kupumua kwa nguvu. Mlinzi akawa amejulikana anakaa mtaa gani.

Nyumba yenyewe ilichukua miaka mingi zaidi kupatikana. Leo kundi linalotajwa kuliko yote huitwa nukliasi ya retrotrapezoidi, seli chache mno zilizotandazwa karibu kabisa na uso huo wa medula, zikizungukwa na mishipa midogo ya damu. Haziko peke yake. Kuna pia seli zinazotumia kemikali iitwayo serotonini katikati ya shina la ubongo, na kuna astrositi, seli zenye umbo la nyota ambazo kwa muda mrefu tulifundishwa kwamba kazi yake ni kulisha na kusafisha tu.

Seli inaijuaje gesi? Haina pua.

Hapa nawaomba wanafunzi wafikirie soda. Ule ukali unaouma ulimi ni hewa ukaa iliyokutana na maji ikawa asidi ya kaboni. Ndani ya ubongo ni vilevile: gesi inakutana na maji, inakuwa asidi, na asidi inaachia ioni za haidrojeni, yaani chembe za haidrojeni zenye chaji ya umeme. Kwa sehemu kubwa seli inapima ioni hizo.

Kati ya damu na ubongo kuna ukuta wa seli zilizobanana. Ioni za haidrojeni za kwenye damu hazipenyi kwa urahisi, lakini hewa ukaa hupita kama vile ukuta haupo. Ikishafika ng'ambo inageuka asidi, na majimaji yanayouzunguka ubongo yana protini kidogo sana za kuimeza asidi hiyo. Ndiyo maana mabadiliko madogo ya hewa ukaa kwenye damu husikika upesi kule ndani.

Kwenye seli za retrotrapezoidi kuna protini mbili zinazofanya kazi ya ulimi. Moja, TASK-2, ni mlango wa potasiamu. Mlango huu ukiwa wazi seli hutulia, asidi ikizidi unafungwa, na seli inaanza kupiga ishara za umeme kwa kasi. Ya pili, GPR4, ni kipokezi kinachoguswa na ioni za haidrojeni moja kwa moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba panya walioondolewa zote mbili walikaribia kupoteza kabisa uwezo wa kuongeza pumzi hewa ukaa inapopanda.

Astrositi nazo zina lao. Mwaka 2010 Alexander Gourine na wenzake walionyesha kwamba asidi ikiongezeka, seli hizi humwaga ATP, ileile sarafu ya nishati ya mwili, ikiwa ujumbe wa kuziamsha seli jirani. Na huko Warwick, Uingereza, Nicholas Dale na kundi lake wanaeleza njia nyingine tena: hewa ukaa yenyewe, kabla ya kuwa asidi, inajishika kwenye protini iitwayo koneksini 26 na kuufungua mlango wake. Wataalamu bado wanabishana ni njia ipi yenye uzito zaidi. Mimi sioni ajabu kukuta walinzi wengi. Kazi isiyoweza kusimama hata dakika tano haikabidhiwi mtu mmoja.

Kwa hiyo oksijeni haipimwi kabisa?

Inapimwa, ila kwingine. Pande zote mbili za shingo, pale mshipa mkubwa unapogawanyika kuelekea kichwani na usoni, kuna kijinyama chenye ukubwa wa punje ya mchele. Mbelgiji Corneille Heymans alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938 kwa kuonyesha kazi ya vipimio vya mishipa hii katika kuongoza pumzi. Punje hizo huonja oksijeni, na pia hewa ukaa na asidi. Kwa oksijeni, hazipigi kelele kubwa mpaka shinikizo lake lishuke chini ya milimita 60 za zebaki hivi, wakati hali ya kawaida ni kati ya 80 na 100. Linganisha na hewa ukaa, ambayo kawaida yake ni 35 hadi 45, na kupanda kwa milimita mbili tatu tu tayari umeanza kuhema bila kujua.

Anayepima ndiye anayepiga mdundo?

Hapana. Mdundo wenyewe hutoka kwenye kikundi kingine cha medula kiitwacho preBötzinger, kilichoelezwa mwaka 1991 na Jeffrey Smith, Jack Feldman na wenzao. Jina lilianzia kwenye chupa ya mvinyo iliyokuwa mezani kwenye mkutano wa wanasayansi Ujerumani. Wapima asidi humwambia mpiga ngoma aongeze au apunguze, naye hupeleka amri kwenye kiwambo na misuli ya mbavu.

Dawa za jamii ya mofini, pamoja na heroini, humzubaisha mpiga ngoma huyu na kuwaziba masikio wapimaji. Aliyezidisha hafi kwa moyo kusimama ghafla. Pumzi inapungua, inapungua, hewa ukaa inajaa na hakuna wa kumwamsha. Dawa ya naloksoni huziondoa dawa hizo kwenye vipokezi vyake, na mtu anaweza kurudi kupumua ndani ya dakika chache. Ukimkuta mtu wa namna hiyo, msaidie kupumua huku ukiita msaada. Usimwache alale "iishe yenyewe".

Wapiga mbizi huhema haraka haraka kabla ya kuzama ili wakae zaidi chini. Ni sawa?

Wanakaa zaidi, ndiyo, na hiyo ndiyo hatari. Damu ya mtu mzima wa afya tayari imejaa oksijeni karibu yote inayoweza kubeba, kwa hiyo kuhema kwa kasi hakuongezi cha maana. Kinachofanyika ni kuitupa nje hewa ukaa. Umemnyamazisha mlinzi, hujajaza ghala.

Kijana anazama kutafuta pweza au jongoo bahari. Chini anajisikia vizuri kabisa, hana hamu ya kupumua, anaongeza sekunde, anaongeza nyingine. Oksijeni inaliwa. Kwenye kina cha mita 10 shinikizo ni mara mbili ya juu, na hilo linaisukuma oksijeni iliyobaki iingie kwenye damu. Anapopanda shinikizo linaanguka, oksijeni ya mapafuni inaanguka nayo, na anazimia mita chache kabla ya kutoa kichwa. Hakuna kutapatapa wala kupiga kelele. Wenzake ufukweni wanaona kimya tu.

Pumua kwa utulivu kabla ya kuzama. Hamu ya kwanza ya kupumua ikija, panda. Na msizame wote kwa pamoja, mmoja awe juu akimtazama aliye chini.

Jiko la mkaa likiwa chumbani si nitaamka nikikosa hewa?

Hutaamka. Moshi usioonekana wa mkaa una kabonimonoksaidi, isiyo na harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Sasa angalia walinzi wote wawili. Wa kwenye medula anapima asidi itokanayo na hewa ukaa: wewe unaendelea kuitoa kama kawaida, kwa hiyo haoni kosa. Wa shingoni anaonja oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji ya damu, si ile iliyobebwa na seli nyekundu, na iliyoyeyuka haijapungua. Wote wawili wanasema mambo shwari, na ubongo unakufa usingizini. Hata kipimio cha kidoleni kinadanganyika, kitaandika namba nzuri kwa mtu anayekaribia kufa.

Msimu wa baridi huko nyanda za juu habari hizi hurudi kila mwaka, mara nyingi ni familia nzima. Naomba hili lisomwe kwa sauti nyumbani: jiko lilale nje. Kufungua dirisha kidogo si kinga. Kichwa kikiwauma watu wote wa chumba kimoja kwa pamoja, tokeni nje kwanza, mengine baadaye.

Mazuku ya Goma ni nini? Si ndiyo hewa hiyohiyo?

Ni hewa ukaa yenyewe. Mazuku ni jina la watu wa Kivu, mashariki mwa Kongo, kwa mashimo na mabonde madogo ambamo gesi itokayo ardhini, kwenye eneo la volkano za Virunga, hujikusanya. Ni nzito kama mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, kwa hiyo hutulia chini kama maji, hasa usiku na alfajiri kusipokuwa na upepo. Mtu mzima aliyesimama anaweza asisikie lolote, huku mbuzi au mtoto aliyekwenda naye ameshaanguka.

Hapa mlinzi hakosei, anapiga kelele kwa nguvu zake zote. Tatizo ni wingi. Hewa tunayovuta ina hewa ukaa kama asilimia 0.04, na tunayotoa kama asilimia 4. Ikipita asilimia 10 mtu huchanganyikiwa na kuzimia baada ya dakika chache, na ikifika 30 pumzi chache zinatosha. Ndiyo iliyotokea Ziwa Nyos, Kameruni, usiku wa Agosti 21, 1986, gesi ilipofumuka kutoka ziwani na kuua watu wapatao 1,700. Sheria ya mazuku ni moja: ukimwona mtu ameanguka shimoni usiiname kumfuata. Waliofuata kuokoa nao wameokotwa hapohapo.

Nikikimbia, hewa ukaa ndiyo inayonifanya niheme?

Kwa sehemu ndogo kuliko unavyodhani. Ukipima damu ya mkimbiaji, hewa ukaa yake haijapanda sana, na pengine imeshuka. Ubongo unaoamuru miguu ikimbie unaiambia pumzi iongezeke palepale, na misuli nayo inatuma habari zake. Wapimaji wa asidi wanarekebisha tu.

Kupiga miayo ni kukosa oksijeni?

Hapana. Mwaka 1987 Robert Provine na wenzake waliwavutisha watu hewa yenye hewa ukaa nyingi, kisha oksijeni tupu. Miayo haikuongezeka wala kupungua.

Kwa nini watu hulala vibaya Kilimanjaro?

Kilele cha Uhuru, mita 5,895, kina shinikizo la hewa kama nusu ya lile la pwani. Mlinzi wa shingoni anaona oksijeni imepungua, anaamuru uheme. Ukihema unaitupa hewa ukaa, na yule wa medula anaona asidi imepungua mno, anaamuru usiheme hivyo. Mchana wanavutana kimyakimya. Usiku ugomvi unasikika hemani: mwenzako anahema, anahema, kisha kimya kwa sekunde kadhaa mpaka unataka kumtikisa, halafu anavuta pumzi kubwa na kuanza upya. Figo zikipewa siku kadhaa humwaga baikaboneti, kemikali inayozimua asidi, kwenye mkojo na kuwasuluhisha, na dawa ya asetazolamaidi huharakisha suluhu hiyo. "Pole pole" ya wapagazi ina fiziolojia yake.

Nikiingiwa na hofu nahema sana, midomo na vidole vinakufa ganzi. Ni moyo?

Mara nyingi ni hewa ukaa iliyotoka kupita kiasi: asidi ya damu inapungua, kalisi iliyo huru inapungua, neva zinawashwa ovyo, na mishipa ya ubongo inajibana hadi unasikia kizunguzungu. Toa pumzi taratibu, ndefu kuliko unavyovuta. Ule mtindo wa kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi uacheni, kwa sababu anayehema anaweza kuwa na pumu, ugonjwa wa moyo, au asidi iliyozidi damuni kwa sababu ya kisukari, na mfuko utammaliza.

Kuna watu wanaozaliwa bila mlinzi huyu?

Wapo, wachache sana. Jeni iitwayo PHOX2B, iliyohusishwa na ugonjwa huu mwaka 2003, ndiyo inayoongoza ujenzi wa seli hizi. Ikiwa na kasoro, mtoto anapumua akiwa macho lakini akilala pumzi inadidimia, na anahitaji mashine kila anapolala, maisha yake yote. Wazazi wao huonywa hasa kuhusu kuogelea, kwa kuwa mtoto huyo anaweza kukaa chini ya maji akicheza bila kuhisi haja ya kupanda.

Watoto njiti ni habari nyingine. Wao wanaye mlinzi, ila hajakomaa, na anaweza kunyamaza kwa sekunde 20 au zaidi. Ndiyo maana wodini hupewa kafeini, ndiyo, jamii ileile ya kahawa, ili kumwamsha.

Mtoto wangu alikuwa na malaria, akawa anapumua kwa nguvu. Daktari akasema mapafu ni mazima. Inawezekanaje?

Swali hili hunigusa kuliko yote. Nikiwa mwanafunzi nilimwekea kipimo cha kusikilizia kifua mtoto wa namna hiyo: pua zinatanuka, kifua kinapanda na kushuka kama mvukuto, pumzi ndefu za kina zisizokatika, na masikioni mwangu hewa inaingia safi kote. Sikuelewa. Nilidhani sijui kusikiliza.

Malaria kali huziba mishipa midogo na kupunguza damu, tishu zinakosa oksijeni na kutengeneza asidi ya laktiki. Vipimio vya shingoni vinaiona asidi hiyo. Ubongo hauwezi kuitoa asidi ya laktiki kwa pumzi, unatoa inayotoka: hewa ukaa. Mtoto anahema ili kupunguza asidi moja badala ya nyingine. Pumzi ile ni mwili unaojitetea. Katika utafiti wa watoto 1,844 waliolazwa Kilifi, Kenya, uliochapishwa na Kevin Marsh na wenzake mwaka 1995, dalili mbili zilizowatambulisha walio hatarini zaidi zilikuwa kupungukiwa fahamu na kupumua kwa shida.

Mtoto mwenye homa anayepumua hivyo hasubiri asubuhi, wala haongezewi dawa ya kutuliza homa akaachwa alale nyumbani. Anakwenda hospitali usiku uleule.

Nitahesabuje pumzi za mtoto nyumbani?

Awe ametulia, halii, hanyonyi. Fungua nguo, tazama tumbo na kifua, hesabu dakika nzima kwa saa. Chini ya miezi 2, kuanzia 60 ni nyingi. Miezi 2 hadi 11, kuanzia 50. Mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, kuanzia 40. Kwa mtoto mchanga, ukipata 60 au zaidi, rudia kuhesabu mara ya pili. Tazama pia kina: pumzi ndefu na nzito kwa mtoto mgonjwa ni hatari hata kama hesabu haijafika. Na mbavu za chini zikibonyea ndani kila anapovuta, usirudie kuhesabu, mbebe.